Kabari ya Bastola ya Babu

Bujonde, Kyela
14 Februari 1993

Kaka Sedekia,

Ugonile, kaka. Wifi Mercy ameamkaje? Sisi huku tupo, ila mvua ya mwaka huu imetukamata vibaya. Mto ulipanda hadi nyuma ya vyoo vya shule, na mpunga wangu wa bondeni ulilala majini siku nne. Ule wa juu umepona. Kakao inazaa vizuri. Lile ghala la ushirika unalolijua limepangishwa kijana anayeonyesha video, na wanunuzi wa kakao wanakuja wenyewe hadi uani, kila mmoja na mizani yake, kila mmoja akimsema mwenzake kwamba ni mwizi. Neema amemaliza kidato cha nne, yupo nami nyumbani. Tangu marehemu mume wangu Samsoni aondoke, mwanangu huyu ndiye mkono wangu wa kulia.

Sasa nisikilize, kaka. Wiki iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa kijiji. Kila mwenye silaha, hata gobore bovu, aipeleke ikaandikishwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita. Nikaitoa ile bastola ya Babu Angetile kwenye sanduku la Baba, nikaipeleka. Afisa aliigeuza, akasema hajawahi kuona bastola ya baruti ya zamani kiasi kile, ya kujazwa kwa mbele, tundu moja moja, matundu sita. Akaniambia, "Mama, ikiwa na namba tutaiandika, utapewa cheti, ikae nyumbani kama kumbukumbu ya wazee. Isipokuwa na namba tunaichukua, itayeyushwa."

Namba ya nje imeliwa na kutu. Ila anasema bastola za aina hii huwa na namba nyingine ndani, kwenye ule mhimili ambao kapu la matundu huzungukia. Ili uuone, lazima mtutu utoke, na mtutu umeshikwa na kabari moja ndogo ya chuma iliyopita ubavuni. Hiyo kabari imegoma. Nimeisukuma kwa kisu, nimeisukuma kwa msumari, wapi. Tangu mwaka ule ghala la Baba lilipoungua hakuna aliyeigusa.

Wewe umefanya kazi karakana miaka ishirini na tano. Niambie nifanyeje.

Mdogo wako,
Tusekile


Tanga
20 Aprili 1993

Mdogo wangu Tusekile,

Nashukuru kwa barua, ingawa imenifikia kwa kuchelewa sana. Posta ya siku hizi sijui imepatwa na nini. Pole kwa mafuriko. Mercy anakusalimu, miguu yake inavimba lakini anatembea. Hapa kiwandani tumeambiwa serikali inauza, mnunuzi atakuja na watu wake na mashine zake. Sisi wa zamani tunafika asubuhi, tunasafisha mashine zisizowashwa, tunarudi nyumbani.

Kuhusu hiyo bastola, ushauri wangu ni mmoja: wape waiyeyushe. Ni chuma kibovu. Hakuna aliyewahi kula kwa bastola ile. Baba mwenyewe asingetaka usumbuke nayo. Usimpe fundi yeyote aifungue. Ipeleke kama ilivyo, wakupe risiti, mambo yaishe.

Msalimie Neema. Mwambie asikae bure, ajifunze kupiga chapa.

Kaka yako,
Sedekia


Bujonde
9 Mei 1993

Kaka Sedekia,

Nimefurahi kusikia mpo, ingawa habari za kiwanda si nzuri. Mwambie wifi ainue miguu akilala. Mpunga tumevuna kidogo, tutakula. Dagaa wa usipa mwaka huu ni wengi sana, wanaanika hadi juu ya mapaa.

Kaka, jibu lako limeniumiza. Nilikuomba ufundi, ukanipa ushauri wa kutupa. Umesahau hadithi ya Babu? Alimbeba yule Mzungu wa pembe za ndovu mgongoni siku mbili, mgonjwa wa homa, hadi ziwani, na mtu yule kabla hajakata roho akamwachia kile alichokuwa nacho kiunoni. Babu hakuwahi kumpiga mtu nayo. Baba alikuwa akiipaka mafuta kila Pasaka. Sina picha ya Babu, sina kaburi lake, lilikwenda na mto. Nina hiyo tu.

Kuna fundi Ipinda, anaitwa Nelson, anayetengeneza mashine za kukobolea mpunga. Yuko tayari kujaribu. Lakini nataka neno lako kwanza, kwa sababu wewe unaijua. Enzi za utoto wetu wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia Baba kitambaa akiipaka mafuta.

Jambo jingine. Pasaka nilivuka mpaka wa Kasumulu, nikaenda Karonga, Malawi, kumwona ndugu yetu Isaya. Bado ni seremala, milango na majeneza, presha inamsumbua. Mke wake Doreen alinipikia samaki mbasa, tukacheka sana. Isaya aliniuliza, "Sedekia anaandika?" Nikamwambia anaandika. Akasema, "Mwambie mimi nami najua kusoma." Nimeliandika kama alivyolisema.

Nisaidie, kaka. Muda unakwisha.

Tusekile


Tanga
30 Mei 1993

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo, na Neema. Hapa joto limepungua. Wameanza kuhesabu mashine na kuzipaka namba kwa rangi nyeupe, mwezi wa tisa tutajua nani anabaki.

Kwa kuwa umeng'ang'ania, fuata maneno haya moja kwa moja. Kwanza, izamishe bastola nzima kwenye ndoo ya maji, matundu yakiangalia juu, siku saba. Usipunguze hata moja. Baada ya hapo ikaushe juani, uiloweke kwenye mafuta ya taa siku kumi. Kabari utaisukuma kwa kipande cha mti mgumu, upande ulio mwembamba, ukigonga polepole. Mtu asisimame mbele ya mtutu. Usiipashe moto. Narudia, usiipashe moto, hata kidogo. Vile vichuchu vya nyuma vya kuwekea fataki usiviguse.

Usiniulize sababu. Ni mambo ya ufundi.

Sedekia


Bujonde
4 Julai 1993

Kaka Sedekia,

Nakusalimu wewe na wifi. Kabari imetoka, na namba imeonekana. Muda wa kuandikisha ulikuwa bado haujapita. Mkono unaniuma kidogo, kwa hiyo Neema ananiandikia. Nitakuandikia vizuri nikipata nafuu. Mpunga tumekwisha kuukausha wote.

Mdogo wako,
Tusekile

Mjomba, shikamoo. Mama amekwenda kulala, hajui naongeza haya. Mkono haumuumi kidogo. Bastola ililipuka Ipinda kwa fundi. Alilazwa hospitali siku kumi na moja. Kidole cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia havipo, na kiganja kimeungua. Amenikataza nisikwambie, anasema utajilaumu kwa sababu hakufuata maelekezo yako. Mimi nimeona ni vibaya usijue. Neema.


Tanga
25 Julai 1993

Mdogo wangu Tusekile,

Nimesoma maneno ya chini ya barua yako. Usimgombeze mtoto. Tangu nimeyasoma sili vizuri, Mercy ananiuliza nina nini. Nakutumia dawa ya kupaka kwa mkono wa dereva wa lori anayekuja Mbeya, na kitambaa laini cha kufungia.

Ilikuwaje? Mlifuata yale ya maji? Nani aliyeishika? Nelson ameumia? Niambie yote, usinifiche kitu.

Kaka yako,
Sedekia


Bujonde
15 Agosti 1993

Kaka Sedekia,

Dawa nimeipata, ndaga fijo, asante sana. Inapoza. Kidonda kimefunga, sasa najifunza kushika mwiko kwa mkono wa kushoto. Neema bado ndiye anayeandika, mimi nasema.

Umeuliza ilikuwaje. Nilimpelekea Nelson bastola pamoja na barua yako, nikamsomea. Nilipofika kwenye ndoo ya maji akacheka. "Mama Neema, kaka yako ni fundi wa wapi anayetoa kutu kwa maji? Maji ndiyo yanayoleta kutu." Nami nikacheka, nisamehe. Tukaruka maji, tukaweka kwenye mafuta ya taa siku tano, maana mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Kabari haikusogea. Nelson akaitazama kwa miwani yake, akaniita. "Tazama hapa. Ncha imepindishwa. Zamani kuna mtu aliigonga kwa jiwe, tena aliigonga kwa hasira. Ndiyo maana haitoki. Tuipashe moto kidogo, pale kwenye kabari tu."

Nikamwambia, "Kaka amekataza moto."

"Amesema kwa nini?"

"Hakusema."

"Basi anaogopa chuma kitapoteza ugumu wake. Na hii hakuna atakayeipiga tena."

Nikakubali, kaka. Laiti ungenipa sababu moja tu ya kumwambia. Nelson alikuwa na mkono mmoja kwenye mvukuto na mwingine kwenye patasi, kwa hiyo nikamshikia mimi. Ilikuwa saa sita mchana, mashine ya kukoboa inanguruma, wanawake wamepanga foleni na magunia. Sikusikia mlio, niliona mwanga tu. Halafu mashine ikazimwa, watu wote wananitazama, na mimi nautazama mkono wangu kama mkono wa mtu mwingine. Nelson aliungua nyusi tu. Alilia kama mtoto. Hadi leo anakuja kila Jumapili kunipasulia kuni.

Tundu moja lilikuwa na baruti na risasi. Miaka yote hiyo, ndani ya sanduku la Baba, chini ya shuka za kanisani.

Na mimi namjua aliyeijaza. Mwaka wa moto nilikuwa na miaka kumi. Nilimwona Isaya amesimama uani na bastola mkononi, ghala linaungua nyuma yake. Kuchoma ghala tulimsamehe wote, hata Baba naamini alimsamehe moyoni. Lakini Pasaka hii nilikaa mezani kwake. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba naifungua ile bastola. Akanyamaza! Akanipakulia samaki, asiniambie kuna risasi ndani. Nimemwandikia barua. Nimemwambia asikanyage kwangu, na nikifa asije kunizika. Felista, yule anayevusha mchele, ataipeleka mwisho wa mwezi wa tisa akienda Karonga.

Bastola nimewapa, waiyeyushe. Namba sikutaka hata waninakilie.

Mdogo wako,
Tusekile


Tanga
3 Oktoba 1993

Tusekile,

Sina salamu leo. Naandika moja kwa moja, maana nikianza na habari za Mercy na kiwanda nitajikuta nimemaliza karatasi.

Barua yako ya Agosti niliipata tarehe ishirini na nane mwezi uleule. Nimekaa nayo wiki tano mfukoni. Ile ya Februari nayo haikuchelewa posta. Niliipata baada ya siku tisa, nikaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Isaya hakuijaza bastola. Niliijaza mimi.

Ilikuwa mwezi wa sita mwaka 1959, Baba amekwenda kikao cha wazee wa kanisa, Mama yuko shamba na wewe. Mzee Eliya jirani alikuwa na gobore, unamkumbuka. Nilichota baruti kwenye pembe yake, nikachukua risasi mbili na fataki mbili. Nikajaza matundu mawili. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeshachaguliwa kwenda shule ya kati, najiona mtu mzima. Ngedere walikuwa kwenye migomba. Nikapiga. Sikumpata ngedere. Kitambaa nilichoshindilia baruti kilitoka kinawaka, kikaenda kutua juu ya makuti ya ghala, na unajua makuti ya mwezi wa sita yalivyo makavu.

Isaya alikuwa anachonga mpini wa jembe pembeni ya nyumba. Alikimbilia maji. Mimi sikukimbilia maji. Mimi niliokota jiwe, nikaanza kuigonga kabari ili nitoe kapu, niondoe ile risasi ya pili, Baba asijue. Mchele wa mwaka mzima unaungua na mimi nagonga jiwe. Kabari ikapinda, ikanasa. Ndipo nikasikia sauti ya Baba barabarani, na wewe na Mama mkikimbia kutoka shamba.

Isaya alikuwa amerudi na ndoo tupu, anahema. Nikamwambia, "Shika." Akashika. Alishika kama mtu anavyoshika kitu anachopewa na kaka yake, hakuuliza.

Baba akasema, "Nani?"

Nikasema, "Isaya."

Isaya alinitazama. Baba akamuuliza, "Isaya, ni wewe?" Hakujibu. Bado ananitazama mimi. Baba akampiga kwa ule mpini aliokuwa akiuchonga, akamwambia, "Ondoka mbele ya macho yangu." Mimi nadhani Baba alikuwa na maana ya jioni ile tu. Lakini Isaya aliweka bastola chini, akatoka, akavuka mto Songwe kwenda kwa wajomba, na miaka ishirini na tano baadaye Baba akafa hajamwona.

Nilijaribu kusema. Nilipokuwa shuleni niliandika barua mara mbili, nikazichana. Nilipopata kazi Tanga nilijiambia nitasema nikienda likizo, halafu nikaanza kutokwenda likizo. Baba alipokufa nilikuja siku mbili, nikashika jeneza upande wa kulia, na upande wa kushoto, pa Isaya, akashika jirani.

Ulipoandika kwamba unaifungua, nilijua risasi ya pili imo. Nilitaka waiyeyushe kama ilivyo ili siri iyeyuke nayo, hata sikufikiria kwamba ingemlipukia huyo wa kuyeyusha. Ulipokataa, nikakwambia maji, ili baruti ilowe. Neno "ina risasi" lilikuwa maneno mawili tu. Ningeliandika, ungeuliza umejuaje. Kwa hiyo nikaandika "mambo ya ufundi". Vidole vyako nimevikata mimi, Tusekile, kwa kalamu hii.

Usiipeleke hiyo barua kwa Isaya. Nakuomba. Kama Felista bado hajaondoka, mzuie.

Sedekia


Bujonde
21 Novemba 1993

Sedekia,

Naandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Herufi ni mbaya, utazisoma hivyo hivyo. Sikutaka Neema aandike haya.

Barua yako ilifika tarehe kumi na sita Oktoba. Felista alikwenda Karonga tarehe thelathini Septemba. Isaya alikwishaisoma barua yangu.

Felista anasema aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja, akaingia ndani. Alipotoka alimpa Felista chupa ya asali ya kupaka kidonda, akamwambia, "Mwambie pole sana. Mwambie nauliza ni mkono gani." Basi. Hakusema si mimi. Mimi nilipopata asali ile niliimwaga nje. Wiki mbili baadaye ndipo ikaja barua yako.

Nilikwenda Karonga juzi. Nilipiga magoti mlangoni kwake, mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Doreen akaniinua. Nilimsomea Isaya barua yako yote. Alisikiliza huku anapiga randa ubao, hakuacha kazi. Nilipomaliza akasema, "Nilidhani atasema mwenyewe kabla jua halijazama. Ndiyo maana nilinyamaza. Jua likazama." Nikamuuliza kama alijua kuna risasi nyingine. Akasema alisikia mlio mmoja tu, na hakujua zilijazwa ngapi. Nimemwamini. Huyo ndiye niliyemwandikia asije kunizika.

Nimemuuliza nikuambie nini. Akasema, "Barua nimeshasikia."

Mimi nina neno moja. Najua kiwanda kimewapunguza, wifi ameniandikia, wewe hukuniambia. Una nafasi sasa. Panda basi uje. Lakini usije kwangu. Ukifika njia panda ya Ibanda usishuke kuelekea Kyela. Nenda moja kwa moja mpakani, uvuke, umtafute Isaya. Hadi utakapokuwa umekaa mbele yake, mimi sina chakula cha kukupa.

Sikuchukii. Nimechoka.

Tusekile


Karonga
6 Januari 1994

Mdogo wangu Tusekile,

Nakusalimu kutoka nyumbani kwa Isaya. Nilifika jana asubuhi. Niliposhuka Kasumulu nilitembea polepole hata askari wa mpakani akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nakwenda kwa ndugu yangu. Akauliza ana shughuli gani, nikasema seremala, na nikaona aibu kwamba hata hilo nimelijua kwenye barua yako.

Doreen ndiye aliyefungua mlango. Kingonde chake ni kama Kinyakyusa chetu tu, akanisalimia kama mgeni yeyote, akaniletea kiti. Sikukaa. Isaya alikuwa karakanani nyuma ya nyumba. Tusekile, ningepishana naye njiani nisingemjua. Ameota mvi zote, na amenenepa. Yeye alinijua. Aliweka randa chini, akafuta mikono, lakini hakuunyoosha.

Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu Tanga. Yote yakapotea. Nikasema, "Ni mimi niliyepiga. Ni mimi niliyekutaja. Nimekuja kusema."

Akasema, "Umesema."

Akageukia kazi yake. Kulikuwa na jeneza la mtoto lililofika nusu, halina kifuniko. Akaniambia lina mwenyewe, linachukuliwa adhuhuri, kama najua kupiga msasa nimsaidie. Tukafanya kazi hadi watu wakaja kulichukua, hatukuongea isipokuwa "nipe hiki" na "shika pale". Mara ya kwanza aliponiambia "shika" niliangusha msasa, nadhani aliona. Walipoondoka, Doreen akaleta wali. Ndipo Isaya akaniambia kwamba hasira ilimwisha mwaka ule Baba alipokufa, lakini hakuwa na wa kumwambia. "Wewe nilikwisha kukuachilia," alisema. "Lakini Baba hunirudishii. Huwezi. Hata ukipiga magoti hapa hadi mwakani."

Nikamwambia najua.

Leo asubuhi tulikuwa tumekaa nje na chai. Akaniuliza, "Niambie Baba alivyokuwa uzeeni. Alitembelea fimbo? Sauti yake ya kuimbia kanisani ilibaki? Alikuwa mkali vilevile, au alipoa? Aliwahi kunitaja?"

Nilifungua mdomo, Tusekile, nikakuta sina kitu. Miaka ishirini na tano nilirudi nyumbani mara nne, na kila mara nilikaa uani kwa majirani ili nisikae naye. Sijui kama alitembelea fimbo. Nilimwona akiwa na nguvu, halafu nikamwona amevikwa suti ndani ya jeneza. Katikati hapo sikuwepo. Isaya alinisubiri, na nilipomwambia ukweli huo alinimiminia chai. Nilikuwa nadhani nimemwibia yeye peke yake.

Tumekaa hapa watu wazima wawili, watoto wa mtu mmoja, na hatujui baba yetu alizeekaje. Wewe ndiye uliyemwosha na kumlisha. Isaya anasema uje, yeye atakuja kukupokea mpakani Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi nakuomba. Njoo utuambie.

Kaka yako,
Sedekia